Mazishi ya Treni ya Hohenrode

Kinyaa kilichompata Alwin Schepp mchana ule kilikuwa na harufu yake: manukato, bia iliyonywewa kabla ya chakula, na suti nyeusi zilizotoka kabatini na dawa ya nondo. Gari lake la reli lilikuwa limeshiba watu mpaka vioo vikatoka jasho. Lilikuwa gari kuukuu, behewa moja lenye injini yake tumboni, na dereva alikaa mle mle na abiria, pale mbele, bila ukuta wa kumtenga nao. Kulikuwa na kibao tu cha kuwakataza watu wasizungumze naye wakati wa mwendo. Miaka yote kibao hicho hakikuwa na kazi, kwa sababu abiria walikuwa wachache na wote walizungumza naye. Leo walikuwa tele, na hakuna hata mmoja aliyemwita kwa jina.

"We dereva," walikuwa wakisema. "Tunaondoka lini, we dereva?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na siku ya mwisho ya reli ya Bonde la Asche. Kuanzia kesho yake hakuna treni ambayo ingepanda tena kutoka Lautenfurt kwenda Hohenrode. Na kwa kuwa watu wa bonde lile hawakubali kitu kife bila keki na kahawa, walikuwa wameiandalia mazishi. Mbele ya gari walikuwa wametundika shada la matawi ya msonobari, kubwa kama gurudumu la trekta, lenye utepe mweupe ulioandikwa kwamba halmashauri ya wilaya haitamsahau mpendwa wao kamwe. Ndani, juu ya viti vilivyo vizuri kuliko vyote, karibu na mlango, walikuwa wamelaza jeneza la mbao nyembamba lililopakwa rangi nyeusi. Ubavuni mwake waliandika kwamba marehemu ameugua kwa muda mrefu na amevumilia kwa subira.

Alwin aliyasoma maneno yale akatamani kutema mate. Marehemu hakuugua. Marehemu alinyimwa chakula. Kwanza waliondoa treni ya alfajiri, wafanyakazi wa kiwandani wakalazimika kununua magari, kisha ikasemwa kwamba wafanyakazi hawapandi treni. Halafu wakaondoa treni ya jioni, na wale waliokwenda mjini kwa daktari wakawa hawana cha kurudia nyumbani, kisha ikasemwa kwamba hata wagonjwa hawaitaki. Waliendelea hivyo hivyo, kipande baada ya kipande, halafu wakaja na nyuso za huzuni kushangaa kwamba watu hawapandi treni isiyokuwapo.

Na mkono uliokata vipande hivyo ulikuwa palepale kwenye gari, ndani ya glavu nyeusi. Bwana Volkmar Bornscheuer alikuwa diwani na mwuza magari, mwenye duka kubwa lenye kuta za vioo penye barabara ya kuingilia Lautenfurt, na leo alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Reli ilikuwa mali ya wilaya, kwa hiyo ni wilaya iliyopiga kura ya kuiua, na ni Bornscheuer aliyesimama barazani kuwaeleza wenzake kwamba neno kuua halifai. Wala kufunga halifai. Alisema hawaifungi reli, wanaihamishia barabarani. Neno hilo likapendwa. Likaandikwa kwenye gazeti, likabandikwa vituoni, na bibi vizee wakawa wanalisema dukani kana kwamba reli nzima itanyanyuliwa na kulazwa taratibu juu ya lami. Kilichohamia barabarani kilikuwa basi moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili barabara ilibaki kuwa barabara tu.

Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini wahenga hawakumjua Bornscheuer. Huyu alilia. Alikuwa na kofia ndefu ya mazishi, ile inayong'aa kama chungu kipya, na aliivua kila mpiga picha aliponyanyua kamera, akajifuta macho kwa leso yenye ukingo mweusi. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomkirihi Alwin kupita yote. Mtu anayejifanya kulia unaweza kumdharau ukapita. Lakini huyu alikuwa amemwua mtu kwa mkono wake na sasa anamlilia kwa moyo wake wote, na haoni tatizo.

Kabla hawajaondoka Lautenfurt, mkuu wa kituo alikuwa amemvuta Alwin pembeni. Alikuwa mzee mwenye adabu, na alizungumza akiviangalia viatu vyake. Alisema kamati imeomba gari lisisimame kwenye vituo vya kunyoosha mkono. Watu wamejaa, bendi ya matarumbeta imejaa, na hotuba kule Hohenrode zina saa yake.

Alwin akamwuliza, je, mtu akinyoosha mkono?

"Nani atanyoosha leo, Alwin?" mkuu wa kituo alisema. "Bonde zima limo ndani."

Lakini Alwin alimjua mmoja ambaye hakuwamo.

Bi Ottilie Heuser wa Mooswinkel alipanda treni kila Jumamosi. Mooswinkel hakukuwa na jengo la kituo, ila kibao, benchi na mti wa tufaha ambao haukuwa wa mtu yeyote. Ukitaka treni isimame, unasimama pale penye kibao na kunyoosha mkono. Usiponyoosha, treni inapita. Bi Ottilie alinyoosha wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na sufuria ya supu ya viazi iliyofungwa kwa taulo. Supu hiyo ilikuwa ya mumewe.

Mumewe, Konrad, alikuwa mtu wa njia. Miaka na miaka aliitembea reli ile kwa miguu, na nyundo yake yenye mpini mrefu, akigonga kila boliti na kusikiliza inavyojibu. Babu zake walikuwa miongoni mwa wakulima waliotoa vipande vya mashamba yao bure ili reli ipite, wakabeba mawe yake kwa mikokoteni ya ng'ombe majira ya baridi, wakati ambapo ng'ombe hawana kazi. Konrad alilisema jambo hilo mara nyingi kupita kiasi, kama watu wa bonde wanavyolisema, lakini yeye angalau aliyatunza mawe yenyewe. Kisha kiharusi kikamwangusha kwenye mataruma, karibu na Hohenrode. Hakufa. Alipelekwa kwenye nyumba ya wazee ya Hohenrode, ile iliyo mlimani juu ya kivuko ambapo barabara inakatiza reli, na akili yake ikawa imefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Isipokuwa kwa jambo moja. Kila treni inayokaribia kivuko kile ilipaswa kupiga honi, na honi ya gari la Alwin ilikuwa moja tu, juu ya paa katikati, yenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo mwishoni. Kila Jumamosi Konrad alipoisikia, alitafuta kitana mfukoni akachana nywele zake. Alijua mkewe anakuja. Bi Ottilie akiingia, alimkuta mume wake, si mgeni. Alimjua kwa jina, alimwuliza habari za kuku, alikula supu akaisifu au akailaumu. Hali hiyo ilidumu kama saa moja, kisha duka likafungwa tena. Daktari alisema ni bahati tu, vitu viwili vimekutana. Bi Ottilie hakubishana naye. Aliendelea kuja na treni ile ile.

Wiki iliyopita alikuwa amekaa nyuma ya kiti cha Alwin, peke yake garini, akamweleza alivyopanga. Kuanzia Oktoba atakuwa anamtegemea jirani mwenye gari, siku jirani akipenda, na hatakuja na honi yoyote. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho, katika ile saa moja, atamwambia Konrad kila kitu.

"Nitamwambia treni imekwisha, lakini mimi sijaisha," alisema. "Asipoisikia honi asidhani nimemtupa. Nikimwambia akiwa yupo, huenda likabaki mahali fulani humo ndani. Wewe unaonaje?"

Alwin alisema litabaki. Alisema pia kwamba ataivuta honi vizuri.

Basi walipotoka kwenye kona ya Mooswinkel, bendi ikipiga wimbo wa maziko ndani ya gari mpaka madirisha yakatetemeka, yeye akamwona Bi Ottilie penye kibao, na koti lake la kanisani na sufuria yake, amenyoosha mkono. Alwin akafunga breki. Abiria waliangukiana wakacheka, wakadhani ni sehemu ya sherehe.

Alifungua mlango, na ikawa wazi kwamba hata paka asingeingia. Watu walikuwa wamesimama tumbo kwa mgongo hadi kwenye ngazi. Wapiga picha wakashuka upesi wakamzunguka Bi Ottilie. Mmoja akamwambia, "Bibi, nyoosha mkono tena. Kama vile. Na uso wa huzuni kidogo." Bi Ottilie, kwa kuwa alilelewa vizuri, akanyoosha tena.

Alwin alisimama mlangoni akawaambia walio karibu kwamba mama huyu ni abiria, ana tiketi yake, na anakwenda kumwona mgonjwa. Anaomba mtu mmoja ashuke, au wawili wabanane. Aliongea kwa upole. Akasubiri. Watu walimtazama Bi Ottilie kwa huruma nyingi, na hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja mwenye shela nyeusi alisema yeye ana miguu mibovu. Mwanamume mmoja alisema ametoka mbali kwa ajili ya siku hii. Mwingine akauliza, kwani hakuna basi?

Bornscheuer alijipenyeza mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Bwana Schepp, tuliagiza gari lisisimame hapa."

"Amenyoosha mkono," Alwin alisema.

"Nimeona. Inasikitisha. Lakini gari limejaa, na ratiba ni ratiba. Mama yetu atapanda basi Jumatatu, tena litamfikisha mpaka sokoni."

"Leo ni Jumamosi. Mumewe anamngoja leo."

"Sote tunaagana na kitu leo," alisema Bornscheuer, na macho yake yakalowa.

Hapo Alwin aliwageukia abiria. Aliwatazama wote, safu kwa safu, nyuso zilizopakwa huzuni kama siagi kwenye mkate. Hakumwona hata mmoja aliyewahi kupanda treni hii mvua ikinyesha. Kisha macho yake yakaangukia jeneza lililokuwa limelala kwa starehe kwenye viti vyake, na ajabu yake, likiwa tupu. Alilishika kichwani, akalivuta. Mpiga tarumbeta kubwa, mwokaji mikate mwenye mwili wa jitu, akalishika miguuni bila kuulizwa. Wakalitoa mlangoni wakaliweka chini ya mti wa tufaha. Watu wakapiga kelele kwamba hotuba zimeandikwa kwa ajili ya jeneza, kwamba litaharibika, kwamba huo ni ukosefu wa heshima kwa marehemu.

"Marehemu ndiye anayewabeba," Alwin alisema. "Karibu, Bi Ottilie, kaa."

Bi Ottilie akakaa palipokuwa na jeneza, sufuria mapajani. Alimwambia mwanamke wa shela nyeusi kwamba pana nafasi ya pili, na yule wa miguu mibovu akaikimbilia.

Ilichukua muda kuwarudisha wapiga picha ndani. Wengine walikuwa wameparamia benchi, wengine ngazi ya nyuma inayopanda paani; Bornscheuer mwenyewe alionekana akishuka ngazi hiyo, mkoba wake wa ngozi begani, akisema alitaka kuliona bonde kutoka juu mara moja katika maisha yake. Alwin hakumjali. Alipoondoa gari aliona kibao cha Mooswinkel hakipo tena, kimebaki kijiti chake tu. Kufa kufaana. Mtu alikuwa anakitolea jasho kibao kile chini ya koti lake, na boliti za benchi huenda ziko mfukoni mwa mwingine.

Walipanda mlima. Mashamba ya viazi yalikwisha, misitu ikaanza, kisha paa jekundu la nyumba ya wazee likaonekana juu ya miti. Bi Ottilie akajiweka sawa kitini. Alwin aliliona dirisha la Konrad, la tatu kutoka kona, na kivuli cha mtu ndani yake. Akaifikia ile kamba iliyoning'inia juu ya kichwa chake, akaivuta kwa mkono mzima, vizuri, kama alivyoahidi.

Kikatoka kimya, na nyuma yake upepo mwembamba, kama wa mzee asiye na meno anayejaribu kupiga mluzi.

Akavuta tena, ikawa vilevile. Alifunga breki kabla ya kivuko, kwa kuwa gari lisilo na honi halina ruhusa ya kukatiza barabara, akashuka na kupanda ngazi ya nyuma. Juu ya paa, mahali pa honi, palikuwa na boliti mbili tupu, zimefunguliwa kwa spana ya kipimo chake, na bomba la hewa limesokomezwa tambara ili lisivuje. Kazi safi. Mtu alikuja amejiandaa na vifaa kutoka nyumbani. Alwin alisimama pale juu akatazama chini kwenye kofia na shela, akauliza kwa sauti nani ameichukua honi. Chini wakatazamana. Wakasema ni aibu kubwa, wezi siku ya mazishi. Bornscheuer alikubaliana nao.

Ilimbidi Alwin asimame katikati ya barabara na bendera nyekundu, ahakikishe hakuna gari, arudi, avushe gari kwa mwendo wa konokono. Alipopita karibu na Bi Ottilie hakuweza kumwangalia.

"Leo hukupiga," Bi Ottilie alisema.

"Wameiiba, Bi Ottilie."

Aliitikia kwa kichwa, akaifunga taulo vizuri zaidi kwenye sufuria. "Basi hatakuwa amechana nywele," alisema.

Walipofika Hohenrode, umati uliteremka ukaelekea kwenye ukumbi wa hoteli iliyo mbele ya kituo, na bendi yake na shada lake, bila jeneza. Alwin aliibeba ile sufuria akapanda na Bi Ottilie mlimani. Hakuwa na wajibu huo, lakini angekuwa na nguvu gani za kukaa na wale. Muuguzi aliwafungulia akasema mzee amekaa dirishani tangu mchana, akaona watu wengi wanapita njiani na tarumbeta, akachanganyikiwa.

Konrad Heuser alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele zake nyeupe zimesimama upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa. Mkewe alipoingia aliinuka, kwa shida, kwa heshima, akampa mkono.

"Habari za mchana, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

Bi Ottilie aliushika mkono ule kwa muda mrefu. Hakulia. Alimwambia yeye ni Ottilie, naye akasema ni jina zuri, ana mke mwenye jina hilo, ila leo hakuja. Bi Ottilie akafungua sufuria akaanza kumlisha, na Konrad akashukuru baada ya kila kijiko kama mtu anayelishwa na jirani asiyemjua. Alwin akaondoka kimyakimya. 

Ukumbini walikuwa wamefika kwenye keki. Meza ndefu zilikuwa zimejaa keki ya plamu na keki ya siagi na chengachenga zake, birika za kahawa zilikuwa zikizunguka, na huzuni ilikuwa imekwisha kama mvua ya Aprili. Watu walicheka kwa midomo iliyojaa. Mmoja alikuwa akionyesha kibao cha Mooswinkel. Mwingine kitana… hapana, kilikuwa kisahani cha majivu cha garini, lakini Alwin siku ile aliona vitana kila mahali. Na kwenye meza ya juu kulikuwa na shangwe kubwa kuliko zote, maana kitu kilikuwa kikizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Kilikuwa honi yake. Walikuwa wameiziba nyuma kwa kizibo, wameijaza bia kutoka upande wa mdomo wake mpana, na wanainywea kwa zamu. Bia iliwatiririka kidevuni. Ilimfikia Bornscheuer, naye akainyanyua kwa mikono miwili, akanywa, akapangusa mdomo.

"Hii itakaa juu ya baa yangu, kule chini ya nyumba," alikuwa akiwaeleza. "Pembeni ya ile taa ya steshenimasta. Wageni wakitaka kinywaji, wataipuliza."

Alwin alikuwa amesimama mbele yake. Bornscheuer alimwona, na wala hakushtuka. Alimnyooshea honi kwa ukarimu, anywe naye.

"Ilikuwa itupwe, Bwana Schepp," alisema. "Nimeiokoa."

Alwin aliipokea. Aling'oa kizibo, bia ikamwagika juu ya kitambaa cheupe na juu ya keki ya plamu, akaitikisa mpaka ikakauka. Maneno yote aliyokuwa nayo ya kumwambia mtu yule yalikuwa machafu, na alikuwa bado amevaa sare. Akageuka akatoka. Mpiga tarumbeta kubwa aliinuka mezani, akachukua kipande chake cha keki, akamfuata.

Wakapanda paani wote wawili. Boliti zilikuwa zimepotea, lakini mwokaji alikuwa na nguvu za kubana waya kwa vidole vyake vitupu, na Alwin alikuwa na waya. Bomba likarudi mahali pake. Mwokaji alinusa, akasema inanuka bia, na itakuwa na mafua kidogo. Alwin akasema ilikuwa na mafua siku zote.

Kisha akaingia ndani, akahamia kiti cha dereva cha upande wa pili, unaoelekea Lautenfurt, akawasha injini. Safari ya kurudi Lautenfurt ilikuwa bado mbali, jioni. Lakini kivuko cha nyumba ya wazee kilikuwa ndani ya mipaka ya kituo cha Hohenrode, na dereva anaruhusiwa kusogeza gari lake ndani ya mipaka ya kituo. Hilo Alwin alilijua kama alivyojua vifungo vya koti lake. Tena gari lolote linalokaribia kivuko, hata kama linasogezwa tu, hata kama ni tupu, lazima lipige honi.

Gari likaanza kwenda. Ukumbini mtu akalisikia.

Walitoka milangoni kama nyuki. Walitoka na uma mikononi, na shela zimewateleza, na chengachenga za keki kwenye masharubu; wakaruka maua ya kituo, wakakimbia kandokando ya reli wakipunga leso zao zenye ukingo mweusi. Inatuacha, walikuwa wakisema, treni inatuacha. Mwanamke wa miguu mibovu alikuwa mbele ya wengi. Kwa mara ya kwanza tangu Alwin avae sare, watu wa bonde lile walikuwa wanaikimbilia treni yake. Aliwaona kwenye kioo cha pembeni na hakusikia huruma hata chembe.

Bornscheuer, bila kofia, alifika hadi chini ya dirisha lake.

"Simama, Schepp! Sisi tutarudije nyumbani?"

Alwin alitoa kichwa nje.

"Kuna basi, Bwana Bornscheuer," alisema. "Jumatatu."

Akawaacha wakihema pale, hata hawakujua kwamba gari haliendi popote. Mbele yake kivuko kilikuwa kinakuja, na juu yake lile paa jekundu. Akaifikia kamba akaivuta.

Honi ililia. Ilikuwa nzito, yenye kikohozi cha bia ndani yake, ikakwaruza kidogo mwishoni kama siku zote, ikapiga msitu na kurudi. Alwin alifunga breki palepale kabla ya barabara akatazama dirisha la tatu kutoka kona.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mtu akasimama nyuma ya kioo. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukatafuta, ukakosa, ukatafuta mfuko wa pili, ukatoka na kitana. Ukapanda hadi kichwani. Ulichana mbele, ukachana pembeni, polepole, na ulipofika kisogoni ukashindwa, maana kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande ule. Ndipo mkono mwingine ukatokea, mdogo, wa mtu aliyekuwa amekaa humo muda wote, ukachukua kitana, ukamalizia. Mzee aligeuka kuona ni nani. Akamwona. Alwin, kutoka chini kule, aliuona mdomo wake ukisema jambo, jambo refu, na Bi Ottilie akiweka sufuria kando ili amjibu.

Saa moja, Alwin aliwaza. Inatosha kwa anayejua la kusema.

Akavuta kamba tena, ingawa kanuni ilitaka mara moja tu.